Tom Mboya hakuwa na digrii, lakini alijua kuongoza timu

Tom Mboya Street unaijua. Unashuka matatu pale, unakwepa mkokoteni, unashika simu yako vizuri, unaendelea na shughuli zako. Labda hata umepiga picha kando ya sanamu yake kule Moi Avenue. Lakini nikikuuliza huyu jamaa alifanya nini hasa, wengi wenu mtanitajia mambo mawili tu: alipeleka wanafunzi Marekani, kisha akapigwa risasi.

Ni kweli, lakini leo nataka tuangalie kitu ambacho hakizungumzwi sana. Nataka uone vile alivyofanya kazi na watu. Mboya aliongoza watu waliolipwa vibaya na waliokuwa na kila sababu ya kuogopa. Hakuwa na pesa za kuwapa. Hakuwa na cheo cha kuwatisha nacho. Bado walimfuata, na la muhimu zaidi, walijifunza kufanya mambo makubwa wenyewe.

Kwa hivyo kama unaongoza timu yoyote, iwe watu watano katika ofisi ndogo ya teknolojia, kikundi cha vijana kinachokusanya taka mtaani, au chama mnachotaka kinunue bodaboda ya kwanza, soma hadi mwisho. Na kama wewe ndiwe unayeongozwa, na bosi wako anadhani motisha ni kukuletea keki mwisho wa mwezi, soma pia. Utajua cha kudai.

Mtoto wa shamba la mkonge

Thomas Joseph Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la mzungu huko Kilima Mbogo, si mbali na Thika. Wazazi wake walitoka Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, lakini baba alikuwa ameajiriwa shambani huko kama msimamizi wa vibarua. Mboya alikulia miongoni mwa watoto wa makabila tofauti. Alisoma Kabaa, Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u. Alipokuwa mtu mzima aliweza kuongea Kijaluo, Kikamba, Kikikuyu, Kiswahili na Kiingereza.

Usipite hapo haraka. Mtu anayeweza kusimama mbele ya wafanyakazi wa Nairobi na kuongea na kila mmoja kwa lugha ya kwao ana kitu ambacho hakuna semina ya uongozi inaweza kukuuzia.

Kule Mang'u, karo ilimshinda. Baba hakuweza kumsomesha yeye na pia wadogo zake. Mwaka 1947 masomo ya sekondari yakaishia hapo, kabla ya cheti alichokuwa akikitafuta. Mimi pia niliacha chuo sababu ya karo, kwa hivyo ukiniuliza ni sehemu gani ya maisha ya Mboya hunigusa zaidi, ni hii. Alikuwa na akili, bidii na ndoto, na hesabu ya pesa ikakataa.

Alifanya nini? Alitafuta kozi isiyohitaji karo. Mwaka 1948 aliingia Jeanes School, Kabete, akasomea ukaguzi wa afya. Mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi yake ilikuwa kukagua usafi wa vyakula, maziwa na majengo.

Mtu asiyeonekana

Kazini, Mboya alikutana na Nairobi ya ukoloni ana kwa ana. Mkaguzi Mwafrika alilipwa kidogo sana kuliko mkaguzi mzungu aliyefanya kazi ileile. Hata sare na heshima zilitofautiana.

Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe baadaye katika kitabu chake cha 1963. Siku moja alikuwa peke yake katika ofisi ya maabara ya jiji. Mama mmoja mzungu akaingia na chupa ya maziwa anayotaka yapimwe. Akaangaza macho huku na huku, akampita Mboya aliyekuwa ameketi palepale, kisha akauliza kama kuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana shida.

Unaweza kucheka. Lakini fikiria kuhusu kazi yako. Ni mara ngapi umeketi mkutanoni, umetoa wazo, likapita kama upepo, halafu mtu mwenye cheo akalirudia na kila mtu akapiga makofi? Kitu cha kwanza kinachoua moyo wa mfanyakazi ni kutoonekana. Mshahara mdogo unauma, sawa, lakini kuonekana kama kiti unauma zaidi. Mboya aliijua hiyo hali kwa mwili wake mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu hakuisahau alipoanza kuongoza.

Kujenga watu, siyo mashabiki

Mwaka 1952 Mboya alichaguliwa kuongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza la jiji, na kutokana nacho akaanzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Oktoba mwaka huohuo, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Viongozi wa KAU wakakamatwa, na Juni 1953 chama chenyewe kikapigwa marufuku. Mwaka huohuo wa 1953, Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambalo baadaye lilijulikana kama Kenya Federation of Labour. Alikuwa na miaka 23.

Hebu tulia uone ukubwa wa jambo hili. Ana miaka 23. Siasa imefungwa. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi wakakamata maelfu kwa maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wengi wa viongozi wa wafanyakazi walibebwa pia. Shirikisho likabaki miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizoruhusiwa kisheria.

Ukweli usemwe: Mboya alikuwa Mjaluo, na hilo lilimpa nafasi ya kupumua ambayo wenzake wengi hawakuwa nayo. Lakini angeweza kuitumia kunyamaza. Badala yake, shirikisho lilipinga hadharani namna watu walivyokuwa wakikamatwa na kufukuzwa makwao.

Sasa, chama cha wafanyakazi ni kitu cha ajabu ukikiangalia kama mradi. Hakuna anayelazimika kuja. Unaomba mtu mwenye mshahara wa kusikitisha akupe sehemu yake kama ada. Unamwomba ahudhurie mkutano baada ya kazi, na pengine ajihatarishe kufutwa. Atakubali tu akiona mambo matatu: kwamba shida inayozungumzwa ni yake, kwamba pesa yake inaonekana imeenda wapi, na kwamba ana sauti kwenye uamuzi. Hotuba tamu inaweza kumleta mara moja. Haiwezi kumleta mwezi baada ya mwezi.

Ndiyo maana kazi ya chama haiwezi kukaa kwa mtu mmoja. Lazima kila karakana na kila idara iwe na mwakilishi wake, mtu anayejua sheria za kazi, anayeweza kukaa mbele ya meneja na kujadiliana bila kutetemeka. Mboya mwenyewe alipopata nafasi ya kusoma, mwaka wa 1955 na 1956 katika Chuo cha Ruskin, Oxford, alisomea mambo ya wafanyakazi na uhusiano wa viwandani. Aliporudi, hakuja na digrii. Alikuja na maarifa ambayo wenzake wangeyatumia kesho yake asubuhi.

Mombasa, 1955

Ukitaka mfano mmoja tu wa uongozi wake, chukua huu. Machi 1955, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mgomo ukasambaa hadi kwa wafanyakazi wengine mjini. Bandari ya Mombasa ikisimama, nchi nzima inahisi, na Uganda pia. Serikali ilikuwa na wanajeshi tayari, na huu ulikuwa wakati wa hali ya hatari. Mambo yangeweza kuwa mabaya sana.

Mboya alitoka Nairobi akaenda. Alikuwa na kazi mbili, na zilivutana. Kwa waajiri na serikali, alihitaji kupata ahadi kwamba malalamiko ya mishahara yangesikilizwa na baraza huru. Kwa wafanyakazi, alihitaji kuwashawishi warudi kazini kabla hata senti moja haijaongezwa.

Hiyo ya pili ndiyo ngumu. Jaribu kuwaambia watu wenye hasira na njaa kwamba warudi kazini wakuamini. Ukiwa umewadanganya hata mara moja huko nyuma, watakuzomea. Walirudi. Baraza likakaa, na mishahara ikapandishwa. Sifa ya Mboya ikaenea kote nchini, lakini angalia walichopata wafanyakazi wa bandari: waliona kwamba kujipanga na kujadiliana kunaleta kitu mkononi. Mtu akishaona hivyo mara moja, huhitaji kumpa motisha tena. Ameshajua nguvu yake.

Kwa timu yako, hii inamaanisha ushindi wa kwanza ni muhimu kuliko kaulimbiu zote. Tafuteni jambo moja linalowezekana, mlifanye, na kila mtu aone limefanyika. Na kama umeahidi kitu Jumatatu, kionekane Ijumaa.

Ndege ya watu 81

Machi 1957 Waafrika walichagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, na Mboya akashinda kiti cha Nairobi. Desemba 1958 alikuwa Accra, Ghana, akiongoza kikao cha mkutano mkuu wa watu wa Afrika ulioandaliwa na Kwame Nkrumah. Alikuwa na miaka 28. Machi 1960 uso wake ulikuwa kwenye jalada la jarida la Time.

Lakini mradi wake mkubwa ni ule unaoujua nusunusu. Uhuru ulikuwa unakuja, na Kenya haikuwa na wasomi wa kutosha kuendesha ofisi, hospitali na shule. Nchi haikuwa na chuo kikuu chake kamili. Makerere ilikuwa na nafasi chache. Mboya, yule aliyeshindwa na karo, akaamua vijana wapelekwe Marekani.

Mwaka 1959 alizunguka Marekani kwa wiki kadhaa akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi, akiomba nafasi za masomo. Alipata marafiki wa kumsaidia. Mfanyabiashara William Scheinman alisaidia kuanzisha shirika la kuchangisha nauli. Mchezaji Jackie Robinson na waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Kule Kenya, Mboya alifanya kazi na Dkt Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, wote wawili wakiwa wamesoma Marekani, kuchagua wanafunzi na kuwatayarisha.

Hapa ndipo uone mpango ulivyogawanywa. Mwanafunzi mwenyewe alitakiwa kuhangaika apate nafasi chuoni. Familia na kijiji walichanga pesa za matumizi. Watu waliuza mifugo, wakaandaa karamu za chai na dansi za kuchangisha. Marafiki wa Marekani walilipa ndege. Kila mtu alikuwa na sehemu yake, na hakuna aliyeweza kusema mradi ni wa fulani. Mama aliyeuza mbuzi alikuwa mwekezaji sawa na yule mtu mashuhuri wa New York.

Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Serikali ya kikoloni ilinung'unika kwamba vyuo vya Marekani ni hafifu na vijana hawajafuzu vya kutosha. Mwaka uliofuata pesa za ndege zikawa shida, Mboya akaenda kumwona Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963, karibu wanafunzi 800 kutoka Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo.

Mmoja wao ni msichana kutoka Nyeri aliyekwenda Kansas mwaka 1960. Jina lake Wangari Muta, ambaye wewe unamjua kama Wangari Maathai. Barack Obama mkubwa, baba ya rais, hakuwa katika ndege ile ingawa wengi hudhani hivyo. Alisafiri kivyake hadi Hawaii. Lakini alikuwa rafiki wa Mboya.

Na hapo kuna somo tamu. Mwaka 1965 Mboya, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alisimamia ile hati maarufu ya serikali, Sessional Paper Nambari 10, iliyoeleza mwelekeo wa uchumi wa Kenya. Mwaka huohuo Obama aliandika makala katika jarida akiikosoa waziwazi. Urafiki wao haukufa. Jiulize kama mtu wako wa karibu kazini anaweza kukukosoa mbele ya watu na bado mkaenda kunywa chai. Kama jibu ni hapana, hujawezesha mtu yeyote. Umekusanya wapiga makofi.

Upande wa pili

Sitaki umwone Mboya kama malaika. Wapinzani wake walisema ana majivuno, na walimshambulia kwa ukaribu wake na pesa za Marekani. Alipoingia serikalini mambo yakawa magumu zaidi kuyatetea.

Akiwa Waziri wa Leba mwaka 1962 aliongoza kutiwa saini kwa mkataba kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, kwamba watatambuana na kujadiliana kabla ya kukimbilia mgomo. Hilo ni jema. Lakini kufikia 1965 serikali aliyokuwamo ilivunja mashirikisho yaliyokuwepo, pamoja na lile alilolijenga mwenyewe, na kuunda COTU ambayo serikali ilikuwa na mkono ndani yake. Na mwaka 1966, katika mkutano wa KANU kule Limuru, Mboya ndiye aliyekuwa fundi wa mpango uliomwondoa Jaramogi Oginga Odinga kwenye umakamu wa chama. Kiti kimoja kikagawanywa kuwa vinane.

Alikuwa hodari wa kupanga, na safari hii ustadi huo ulitumika kumfungia mtu mlango. Baada ya Odinga kutoka, Mboya mwenyewe akabaki ndiye tishio kwa waliotaka kumrithi Mzee Kenyatta. Ukiisaidia ofisi kuzoea kuondoa watu kwa hila, usishangae ukijikuta huna wa kukukinga zamu yako ikifika. Nadhani hili linahusu kampuni ndogo kama vile linavyohusu serikali.

Jumamosi, Julai 5, 1969, Mboya aliingia duka la dawa la Chhani katika barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alipotoka, alipigwa risasi. Obama alikuwa mmoja wa watu wa mwisho kuongea naye barabarani siku hiyo, na baadaye alitoa ushahidi mahakamani. Nahashon Njenga Njoroge alipatikana na hatia na akanyongwa. Swali la nani alimtuma halijawahi kujibiwa. Mboya alizikwa Rusinga. Alikuwa na miaka 38. Aliacha mke, Pamela, na watoto wadogo.

Kwa hivyo ufanye nini Jumatatu?

Angalia kilichobaki. Kundi lake la kisiasa halikuweza kusimama vilevile bila yeye, maana siasa ile ilikaa sana mabegani mwake. Lakini wale wanafunzi hawakuhitaji awe hai ili waendelee. Walirudi na kuwa walimu, madaktari, wahandisi na maafisa wa serikali. Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miaka 35 baada ya Mboya kuzikwa.

Hicho ndicho kipimo ningekuomba utumie kwa timu yako. Usiulize kama wanakupenda, wala kama wanacheka utani wako kwenye grupu ya WhatsApp. Uliza: nikikosa kuja kazini mwezi mzima, nani anaweza kuzungumza na mteja? Nani anajua pesa zimekaa wapi? Nani anaweza kusema hapana kwa jambo bovu na akasikilizwa?

Kama majibu yote ni jina lako, anza kidogo. Chagua mtu mmoja ambaye hajawahi kupewa kitu kizito. Mpe kazi moja kamili, pamoja na uamuzi wake na bajeti yake, hata kama bajeti ni elfu mbili. Mfunze unachokijua bila kubana. Mtaje kwa jina anapofanya vizuri, mbele ya watu. Akikosea, kaeni muangalie hesabu, siyo tabia yake. Kisha fanya hivyo na wa pili.

Atakuzidi siku moja? Huenda. Mboya hakuwa na digrii, na alitumia miaka yake bora kuwatafutia wengine digrii, akijua kabisa kwamba wangerudi na makaratasi ambayo yeye hana. Bado alienda kuwatafutia ndege nyingine.